Maisha ya Tetsuya Fujita, Mtafiti wa Chamchela

Makala haya yanasimulia maisha ya Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefanya kazi Marekani na kufahamika duniani kwa kipimo cha upepo kinachobeba jina lake. Msomaji wa jarida letu anaweza kuuliza mtaalamu wa hali ya hewa anatafuta nini katika kitivo cha lugha. Nina majibu mawili. Kwanza, Fujita alikuwa mtu wa uwandani. Alifika baada ya tukio kupita, akahoji walioona, akakusanya picha zao, akachora ramani ya kilichoanguka na upande kilikoangukia. Sisi tunaokusanya lugha ambazo hazijaandikwa tunaifahamu kazi ya namna hiyo. Pili, sehemu kubwa ya mchango wake ilikuwa kuyapa majina mambo ambayo watu walikuwa wakiyaona bila kuyatenganisha. Majina hayo yalipingwa kwa miaka mingi, na ubishi huo uligusa maisha ya watu.

Istilahi kwanza

Lazima nianze na neno, kwa sababu Kiswahili hakijakubaliana. Katika habari za redio, kimbunga ni kile kinachotoka Bahari ya Hindi, kama Idai ya mwaka 2019 au Hidaya ya mwaka 2024. Hicho kina upana wa mamia ya kilomita na huchukua siku kadhaa. Lakini wafasiri wengi huita kimbunga pia ile nguzo ya hewa inayozunguka, inayoning'inia kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, yenye upana wa mita kadhaa au mia kadhaa, na inayoweza kuisha kwa dakika chache. Kuna tufani na dhoruba, ambayo hutumika kwa kila upepo mkali. Kuna kisulisuli, ambacho kwa wengi ni kile cha vumbi kinachozunguka uwanjani saa saba mchana. Kwetu Kongo tatizo lina tawi jingine: katika Kifaransa cha Afrika ya Magharibi na ya Kati, neno tornade limetumika tangu wakati wa ukoloni kwa mvua yoyote ya ghafla yenye radi na upepo mkali. Mtu wa Kivu aliyepita shule ya Kifaransa anaweza kusema ameona tornade mara kumi kwa mwaka, na kwa maana yake anasema kweli.

Katika makala haya nitaita nguzo ile inayozunguka chamchela, neno ambalo kamusi zetu tayari linalo. Kimbunga nitakiacha baharini.

Kyushu, 1920–1953

Fujita alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1920 katika eneo ambalo sasa ni sehemu ya jiji la Kitakyushu, kisiwani Kyushu, kusini mwa Japani. Alisomea uhandisi mitambo katika chuo cha ufundi cha Meiji, akahitimu mwaka 1943 na kubaki hapo kufundisha. Alikuwa na uwezo wa kwenda kusoma Hiroshima, lakini baba yake alitaka asome karibu na nyumbani, na mtoto alitii. Baadaye aliamini kwamba utii huo ndio uliomwokoa.

Hakuokoka mara moja tu. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege iliyobeba bomu la pili la atomiki ilielekezwa kwanza Kokura, mji uliokuwa kilomita chache tu kutoka chuo chake. Mawingu na moshi viliufunika mji, marubani hawakuona shabaha, wakaenda Nagasaki. Fujita alikuwa na umri wa miaka 24, umri wangu ninapoandika haya. Kwa msomaji wa Kongo kuna jambo la kuongeza: sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Udongo wa nchi yetu umo katika historia hii tangu ukurasa wa kwanza.

Wiki chache baada ya mabomu, Fujita alikwenda na wenzake kuchunguza Nagasaki na Hiroshima. Swali lao lilikuwa la kihandisi: bomu lilipasukia wapi, na kwa urefu gani kutoka ardhini? Hakukuwa na chombo cha kuwajibu, kwa hiyo walisoma alama. Katika makaburi ya Nagasaki kulikuwa na vikopo vya mianzi vya kuwekea maua. Moto wa bomu ulikuwa umeviunguza upande mmoja, na kivuli cha ukingo kilikuwa kimeacha mstari. Kwa kupima pembe za mistari hiyo katika makaburi mbalimbali, mtu anaweza kurudi nyuma hadi mahali mwanga ulikotokea. Aliona pia jinsi miti ilivyoanguka. Chini kabisa ya mahali bomu lilipopasukia, miti mingine ilikuwa imesimama, imeunguzwa bila kung'olewa. Pembeni yake miti ililala kuelekea nje pande zote, kama miali ya jua katika mchoro wa mtoto. Umbo hilo alilihifadhi kichwani kwa karibu miaka thelathini.

Baada ya vita alihamia kwenye radi. Hakuna aliyemtuma, na hakuwa amesomea hali ya hewa. Mwaka 1947, akitumia vipimo vya kituo kilichokuwa juu ya mlima Seburi, alichora mwenendo wa dhoruba moja ya mwezi Agosti dakika kwa dakika. Kilichomvutia ni kwamba katikati ya dhoruba hewa ilikuwa ikishuka kwa nguvu, wakati watu wengi walilijua wingu la radi kama mahali ambapo hewa hupanda. Mwaka uliofuata alichunguza uharibifu wa chamchela iliyopita Kyushu, uchunguzi wake wa kwanza wa aina hiyo.

Hapa maisha yake yanachukua njia isiyotarajiwa. Mikononi mwake ilifika ripoti ya Kimarekani kuhusu dhoruba za radi, iliyookotwa katika kapu la taka la kituo cha rada cha Wamarekani juu ya mlima huohuo. Aliyeandika alikuwa Horace Byers wa Chuo Kikuu cha Chicago, na alikuwa amefika kwenye hitimisho linalofanana na lake kwa kutumia ndege, rada na bajeti kubwa. Fujita alinunua mashine ya kuchapa ya herufi za Kiingereza, akatafsiri kazi yake mwenyewe, akamtumia. Byers alishangaa kwamba mtu mmoja mwenye karatasi na penseli alikuwa ameona jambo lilelile, akamwalika. Fujita alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1953, na Agosti mwaka huo akafika Chicago. Isipokuwa kipindi kifupi cha kurudi Japani kushughulikia viza na familia, huko ndiko alikofanya kazi hadi mwisho. Mwaka 1968 alichukua uraia wa Marekani na kuongeza jina la Theodore.

Fargo

Tarehe 20 Juni 1957 chamchela iliupiga mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, ikaua watu 10. Ilikuwa jioni, mwanga ulikuwapo, na wakazi wengi walikuwa na kamera. Fujita alikwenda huko, akaomba picha kwa wenyeji na kwa vyombo vya habari, akapata zaidi ya mia moja pamoja na filamu. Kisha akafanya kazi ya subira. Kwa kila picha alitafuta mahali hasa mpiga picha aliposimama na upande alioelekea, akitumia nyumba na nguzo zilizoonekana. Akipata picha mbili za wakati mmoja kutoka sehemu mbili, aliweza kupima ukubwa na umbali wa kila kipande cha wingu.

Mtafiti wa lugha ataitambua njia hii. Mhojiwa mmoja anakupa sentensi, na bila kujua alikuwa wapi na alikuwa akizungumza na nani, sentensi ile haina uzito. Wawili waliotazama jambo moja kutoka pembe mbili wanakupa umbo la jambo lenyewe. Fujita hakuwahi kudai kwamba mwenye kamera alijua hali ya hewa. Alichohitaji kutoka kwake ni pale aliposimama.

Katika ripoti yake ya mwaka 1960 alionyesha kwamba wingu zima lilikuwa likizunguka, na kwamba wingu hilo moja lilizaa chamchela tano kwa zamu. Alitenganisha pia sehemu za wingu ambazo hadi hapo zilikuwa doa moja jeusi kwa mtazamaji. Ile sehemu inayoshuka kama ukuta chini ya wingu, ambamo chamchela huzaliwa, aliiita wingu la ukuta. Mkanda unaoingia kutoka pembeni aliuita wingu la mkia, na duara linalozunguka juu ya ukuta akaliita wingu la kola. Majina ya kawaida kabisa, ya nyumba, mnyama na shati. Yalidumu kwa sababu hiyo. Watu wa kujitolea wanaofuatilia dhoruba vijijini Marekani hadi leo hutafuta wingu la ukuta na kupiga simu wakiliona linazunguka. Tahadhari inatangulia upepo, na jina limefanya sehemu ya kazi hiyo.

Kipimo cha F

Tarehe 11 Aprili 1965, Jumapili ya Matawi, makumi ya chamchela yalipita majimbo ya kati ya Marekani na kuua zaidi ya watu 250. Fujita aliruka juu ya njia zao kwa ndege ndogo kwa siku kadhaa akipiga picha. Katika mashamba aliona alama za mviringo zilizopishana, akatambua kwamba ndani ya chamchela moja kubwa mara nyingine huzunguka chamchela ndogo kadhaa. Mahali ndogo inapopita, kila kitu kinang'oka. Hatua chache kando, dirisha linabaki zima.

Jambo hili linatuhusu zaidi ya linavyoonekana. Kwetu, kati ya Masisi na Walikale, upepo au radi ikibomoa nyumba moja na kuiacha ya jirani, maneno huanza kijijini, na mara nyingi huishia kwa bibi kizee asiye na mtetezi. Fujita alithibitisha kwamba kuchagua huko kumo katika mwendo wa upepo wenyewe.

Mwaka 1971 alitoa kipimo chake. Kwa kuwa hakuna chombo kilichodumu ndani ya chamchela, alipendekeza nguvu ikadiriwe kwa uharibifu: kutoka F0, ambapo matawi huvunjika na mabomba ya moshi huharibika, hadi F5, ambapo nyumba imara ya mbao hufagiliwa kutoka kwenye msingi wake. Kila daraja alilipa makadirio ya kasi ya upepo. Ghafla chamchela za miaka iliyopita ziliweza kulinganishwa kwa kutumia magazeti na picha za zamani.

Kipimo kilikuwa na udhaifu, na wahandisi waliusema. Kasi za madaraja ya juu zilizidi ukweli, maana nyumba isiyofungwa vizuri kwenye msingi huondoka kwa upepo mdogo kuliko alivyodhani. Mwaka 2007 Marekani ilianza kutumia kipimo kilichorekebishwa, chenye vielelezo 28 vya majengo na miti, na kila kielelezo kina ngazi zake za kuharibika. Hata hivyo vielelezo vile ni vya Marekani. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa manyasi haimo, na mgomba haumo. Anayetaka kutumia kipimo hiki kwetu ataanza na kazi ya msamiati: kuorodhesha aina za nyumba, aina za paa na namna za kufunga, kwa majina ya wenye nyumba.

Mporomoko

Tarehe 3 na 4 Aprili 1974 chamchela 148 zilitokea katika muda wa saa 24, na zaidi ya watu 300 walikufa. Fujita na wanafunzi wake walizichora zote katika ramani moja. Akiwa angani juu ya misitu ya West Virginia aliona kitu ambacho hakikuwa cha chamchela: miti imelala kuelekea nje kutoka katikati, pande zote. Alikuwa ameiona picha hiyo Japani mwaka 1945.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1975, ndege ya Eastern Airlines safari namba 66 ilianguka ikijaribu kutua New York wakati wa dhoruba ya radi, na watu 113 wakafa. Fujita aliombwa achunguze. Aliunganisha taarifa za ndege zilizotangulia kutua na zilizofuata, akahitimisha kwamba juu ya njia ya kutua kulikuwa na bomba la hewa baridi linaloporomoka kutoka kwenye wingu, likigonga ardhi na kutawanyika. Rubani anayeingia humo hukutana kwanza na upepo wa mbele unaomwinua, naye hupunguza nguvu za injini. Sekunde chache baadaye hewa inamsukuma chini, kisha upepo unageuka na kumpiga kutoka nyuma. Ndege inapoteza mwinuko bila nafasi ya kuurudisha.

Jambo hilo alilipa jina ambalo kwa Kiswahili naliita mporomoko wa upepo. Ule wenye upana usiozidi kilomita 4, unaodumu dakika chache, aliupa jina la pekee, na naweza kuuita mporomoko mdogo. Wenzake wengi walikataa. Walisema hewa inayoshuka katika dhoruba inajulikana tangu zamani, na wengine walikumbusha kwamba Byers na Fujita mwenyewe walikuwa wameieleza. Jina jipya kwa kitu cha zamani lilikuwa kelele tu. Pingamizi hilo lina nguvu, na mwanafunzi wa leksikografia hawezi kulipuuza. Lakini hewa inayoshuka polepole na kuisha kabla ya kufika chini haiui mtu. Inayofika ardhini ikiwa na nguvu ya kuangusha ndege ni kitu kingine kwa rubani, na rubani hakuwa na neno la kumwambia mwenzake. Jina lilikata pale ambapo hatari inaanzia.

Mwaka 1978 aliongoza mradi kaskazini mwa Illinois wenye rada za Doppler tatu, na mporomoko ukaonekana kwa mara ya kwanza katika rada ya aina hiyo. Mwaka 1982 mradi mwingine ulifanyika karibu na Denver, jimbo la Colorado. Ni huko, tarehe 12 Juni 1982, Fujita alipoiona chamchela kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 61, na alikuwa amezitafiti kwa zaidi ya miaka thelathini kupitia nyayo zao. Ubishi kuhusu mporomoko ulikwisha kwa uchungu: Agosti 1985 ndege ya Delta safari namba 191 ilianguka Dallas kwa sababu hiyohiyo, na watu 137 wakafa. Baada ya hapo viwanja vikubwa vya Marekani viliwekewa rada maalumu, na marubani wakafundishwa kuutambua na kuuepuka. Ajali za namna hiyo zimekuwa nadra huko.

Kashebere

Chamchela kubwa ni nadra karibu na ikweta. Dhoruba za radi si nadra hata kidogo. Setilaiti zimeonyesha kwamba hakuna mahali Afrika panapopigwa na radi kama mashariki mwa Kongo: eneo la Kabare limehesabiwa zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na duniani linazidiwa na ziwa Maracaibo la Venezuela. Kwa hiyo nusu ya kazi ya Fujita inayotuhusu zaidi ni ile ya mporomoko. Na hapa njia yake haihitaji rada. Baada ya dhoruba, mtu anayepita katika shamba la migomba anaweza kuangalia vichwa vya migomba vinaelekea wapi. Vikifunguka kuelekea nje kama vidole vya mkono, hewa iliporomoka. Vikipishana na kukunjamana kuelekea mstari mmoja mwembamba, kitu kilizunguka. Aandike upande, apige picha, aweke saa.

Tuna urithi wa kuanzia. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, ambao Candi Rureke aliusimulia, kuuimba na kuucheza kwa siku kumi na mbili mwaka 1956 huko Walikale, na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuandika, Nkuba, bwana wa radi, ni mhusika mwenye mapatano na shujaa. Anapiga anapoitwa, mahali palipotajwa. Lugha iliyompa radi nafsi na masharti haiwezi kukosa maneno ya kutofautisha pepo. Kazi ni kuyauliza kabla dhoruba ya Kiswahili na tornade ya Kifaransa hazijayafunika yote.

Nisisahau upande mwingine wa Fujita. Alichapisha mengi kupitia maabara yake mwenyewe bila kupitisha kwa wahakiki, na hilo lilifanya makosa ya kipimo chake yachelewe kusahihishwa. Hakuzipenda kompyuta, ramani zake alizichora kwa mkono. Baadhi ya waliomfuata walilazimika kuanza upya pale ambapo jicho lake pekee ndilo lililokuwa ushahidi. Data ambayo ni mkusanyaji peke yake anayeweza kuisoma humponyoka kila mtu siku anapoondoka, na hili linahusu daftari zetu pia.

Tetsuya Fujita alifariki Chicago tarehe 19 Novemba 1998, akiwa na umri wa miaka 78. Katika dodoso langu la msamiati wa Kihunde na Kinyanga, ambalo awali lilikuwa na swali moja tu kuhusu upepo, sasa kuna manne: upepo unaotangulia mvua unaitwaje, unaozunguka unaitwaje, unaotoka juu kwenda chini unaitwaje, na baada ya kila mmoja mashamba hubaki katika hali gani. Usalama wa barabara ya Kashebere ukiruhusu, nitaanza na wazee wenye migomba.